Watu Wanaopaa Ukutani kwa Kathambi

Mukiri wa Felicitas alizinduka Jumamosi asubuhi, siku ya nne tangu aanguke kutoka paa la stoo ya maziwa, na neno lake la kwanza halikuwa "maji" wala "mama". Alisema, kwa sauti nyembamba lakini iliyonyooka, "Niliikosea sala ya Igoki."

Muuguzi alicheka. Felicitas hakucheka. Daktari alikuwa amemwambia jana yake kwamba paja la kushoto limevunjika mahali pawili, na kwamba mguu huo utabaki mfupi kuliko mwenzake. Mama aliyeambiwa hivyo hachekeshwi upesi. Akamwinamia mwanawe, akamuuliza ni sala gani hiyo. Mukiri, mwenye miaka minane na kumbukumbu ya mtoza ushuru, akamweleza yote: unasoma Baba Yetu kuanzia Amina, unarudi kinyumenyume neno kwa neno mpaka ufike mwanzo. Ukikosea huendi popote. Usipokosea unapaa, kama wale wa ukutani kwa kina Igoki. Yeye alikwama penye mkate wa kila siku.

Kufikia saa sita habari ilikuwa imefika soko la Kiirua, na njiani ilikuwa imenona. Waliokuwa wakichagua viazi waliambiwa kwamba mtoto ametaja jina la Igoki. Waliokuwa wakiuza vitunguu waliambiwa kwamba ametaja jina la shetani. Ilipofika kwa wapakiaji wa magunia, majina hayo mawili yalikuwa yameshaoana.

Ukuta wenyewe haukuwa siri. Nyumba ya Kathambi, mamake Igoki, ilikuwa ya mbao, na Kiirua upepo wa mlimani hauna desturi ya kubisha hodi. Kila nyumba ya mbao ilibandikwa magazeti kwa ndani, na kila mwaka yakabanduka. Mwaka huo wa 2004 Kathambi alifungua bale la viatu vya mitumba akakuta wafungaji wamejaza nafasi kwa majarida ya Kizungu, kumi na moja mazima, ya miaka miwili nyuma, karatasi nzito inayong'aa. Mwingine angefungia karanga. Kathambi alikoroga gundi ya unga wa ngano, akabandika ukurasa kwa ukurasa, kuanzia mlangoni hadi kitandani, na upepo ukakoma.

Ila picha zake. Vijana wa Ulaya na Amerika, kaptula zimekata tamaa kiunoni, wamesimama hewani juu ya ngazi, juu ya mapipa, mmoja juu ya gari la polisi, na chini ya nyayo zao ubao wa magurudumu umenata bila kamba wala msumari. Kwenye mbao hizo kulichorwa mafuvu, nyoka, na jamaa wenye pembe wakicheka kwa meno yote. Hakuna picha hata moja iliyoonyesha mtu akishuka. Ilipofika zamu ya jumuiya kusali hapo, Mbaka, katekista, aliongoza rozari nzima macho yamefumbwa, na si kwa ibada.

Igoki aliwapenda vijana wale kuliko ndugu wa damu, ambao hakuwa nao. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne kwa alama zisizoaibisha wala kusaidia. Alichonga ubao wa mti wa mukima, akaufunga magurudumu ya beringi nne zilizotupwa na mwenye kinu cha posho, akawa anateremka nao barabara ya lami mpaka akina mama wanashika vifua. Kuteremka alijua. Kupaa hakujua. Alijaribu miezi mitatu, ubao ukakataa kutoka chini kama punda wa deni. Majarida yalieleza mambo mengi, lakini hilo waandishi walidhani kila mtu analijua.

Kwa hiyo Mukiri alipomuuliza, siku moja akiwa ameinua shingo ukutani, mtu anapaaje bila mabawa, Igoki angeweza kusema "sijui". Lakini mdomo wa Igoki haukuwahi kupewa likizo. Akambunia sala ya kurudi nyuma, akacheka, akaisahau kabla ya chai ya saa kumi. Mukiri aliifanyia mazoezi wiki mbili. Walipomwokota chini ya stoo, alikuwa amejifunga kipande cha ubao nyayoni kwa kamba ya katani.

*

Watu wa soko walimkuta Igoki kwenye kibanda cha viatu, akimsaidia mamake. Mbele alikuwa Koome, mpakiaji wa viazi, mwenye mabega kama mlango wa kanisa. Sikukuu ya Pasaka Koome alikuwa amemletea Igoki soda kwa nia njema. Igoki akamuuliza, mbele ya wapakiaji wenzake, kama soda hiyo ni ya kunywa au ya kuoshea kikwapa. Tangu hapo wapakiaji walimwita Koome Fanta, na Koome alikuwa akingoja Mungu amtume.

Koome alipindua meza kwa mguu, viatu vikamwagika kwenye tope. Kathambi aliinama kuokota, kwa sababu mwenye biashara huokota kwanza, na hapo mwanamke mmoja akamchapa kofi lililomlaza juu ya bidhaa yake mwenyewe. Mwanamke huyo alikuwa amenunua viatu pale Alhamisi. Alikuwa amevivaa.

Igoki alimrukia. Alimpata sikio, akalivuta mpaka hereni ikabaki mkononi mwake, kisha mikono mingi ikamshika nywele, shingo, sweta. Mtu alimpiga kwa soli ya kiatu cha bale, puu, kwenye jicho la kulia, na upande huo wa dunia ukafungwa. Wakamburuta kuelekea nyumbani. Soko zima likafuata, wengine wakiwa na vikapu, kwa maana shughuli ya kupiga mtu haimzuii mtu kununua sukumawiki akipita.

Nthiga, babake, alikuwa ameketi mlangoni akinoa patasi. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa Kianjokoma kule Embu, mwenye miaka ishirini na miwili hapo Kiirua. Mambo yakiwa mazuri aliitwa Baba Igoki. Yakiharibika aliitwa Muembu. Aliona umati, akaona nywele za bintiye mkononi mwa Koome, akasimama polepole. Huyu ndiye aliyemwachia Igoki mdomo.

"Karibuni," alisema. "Lakini viti viko vinne."

Jiwe likampata kwenye jibu hilo hilo. Alitema meno mawili mkononi, akayatazama, akayatia mfukoni kama mtu anayeweka chenji.

Baadhi walimpita wakaingia. Waliukwangua ukuta kwa panga na kwa kucha. Kurasa zilitoka na gundi, vijana wa angani wakashuka vipande vipande, mguu huku, fuvu kule, na kila pembe iliyoonekana iliinuliwa juu mlangoni ili walio nje waone, na walio nje waliguna. Mtu alipasua kioo. Mtu mwingine aliibeba redio, pengine ili kuiombea. Koome akatoa chupa ya mafuta ya taa, akaiweka kizingitini pale ambapo kila mmoja angeiona.

Hapo ndipo Felicitas alipofika kutoka hospitalini. Umati ulimpisha. Alikuwa bado na leso aliyolala nayo siku nne chini ya kitanda cha mwanawe, na mkononi alikuwa na fimbo ya mkalatusi. Alisimama mbele ya Igoki, akamtazama lile jicho moja lililobaki wazi.

"Mwari, nakuuliza mara moja," alisema. "Wewe ndiye ulimfundisha mtoto wangu kusoma Baba Yetu kinyume?"

Igoki aliona chupa ya mafuta. Aliona mamake, shavu limevimba, akiletwa na wanawake wawili kama gunia. Ukweli ulikuwa mdogo tu, ungetosha kwenye kiganja: nilikuwa natania. Lakini aliwaza jinsi neno hilo lingesikika mbele ya watu mia mbili na mguu mmoja mfupi.

"Sikumwambia kitu," alisema.

Nthiga alifuta damu kidevuni. "Mmesikia," akasema, maneno yakimtoka kwa miluzi kwenye pengo jipya. "Mtoto wangu ana mdomo mrefu, nakubali. Lakini haongopi."

Kwa sentensi hiyo walimpiga. Mara ya kwanza ilikuwa jiwe la mtu mmoja asiyejulikana. Sasa walimpiga kwa zamu na kwa nia. Koome alimvunja magoti kwa mpini wa jembe ili alale, wengine wakaendelea pale alipolalia, mbavuni, mgongoni, kwenye vidole vile vya kuchongea mawe ambavyo kijana mmoja alivikanyaga kimoja kimoja, kama mtu anayezima sigara. Nthiga hakulia. Kila alipopata pumzi alirudia, haongopi, na kila aliporudia walimwongeza. Igoki alisikia. Alifungua mdomo, ule usiojua likizo, na hakikutoka kitu.

*

Aliyesimamisha kipigo alikuwa Mbaka, na si kwa huruma. Mzee mmoja alikuwa ameshauri Muembu na bintiye waapishwe kwa thenge, yule beberu anayevunjwa mifupa kwa mawe huku mtu akiapa, ili mwongo avunjike vivyo hivyo. Watu wengi walilipenda wazo hilo. Mbaka, aliyepigana na kiapo cha mbuzi katika mafundisho ya kipaimara kwa miaka kumi na tano, aliona kazi yake yote ikienda na mkojo wa beberu. Akapanda juu ya jiwe la kufulia.

Alisema kwamba hapa hakuna atakayeapa kwa mbuzi. Kanisa lina njia zake. Kama msichana huyu anapaa kwa nguvu za yule mwovu, basi anapaa kwa sala ya kinyume tu. Sisi tutasoma Baba Yetu kwa mpangilio wake, sote pamoja, naye apande ubao wake pale barabarani aruke gunia. Akipaa katikati ya sala iliyonyooka, basi ni mchezo kama mchezo mwingine. Asipopaa, tutajua sala ndiyo iliyomshinda, na Koome atajua la kufanya.

Watu waliguna kwa kuridhika. Ilionekana kuwa jambo la kisomi.

Nthiga aliinua kichwa kutoka ardhini. "Mwalimu," alisema, "na kama hajui kupaa kabisa?"

Mbaka alifikiri. Swali hilo halikuwa kwenye katekisimu. Akasema twendeni.

Walimpandisha Igoki mpaka juu ya mteremko, pale lami inapoanza kuinama kuelekea sokoni. Chini kidogo waliweka gunia la viazi, limelazwa kukata njia. Watu walijipanga mistari pande mbili kama wanangoja mbio za baiskeli. Dereva wa lori la mbao lililotoka Nanyuki alizima injini, akashuka, akauliza anayeshindana ni nani. Aliambiwa ni shetani na Baba Yetu. Akanunua mahindi ya kuchoma akatafuta mahali pazuri pa kusimama.

Igoki alisimama na ubao miguuni. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa kabisa. Aliutazama mteremko kwa lile la kushoto na kwa mara ya kwanza aliuona jinsi mamake alivyokuwa akiuona. Kwenye picha zote mia na kitu alizobandikiwa ukutani kando ya kitanda chake, alitafuta akilini moja, moja tu, inayoonyesha mguu unaanzia wapi. Nyuma yake Koome alimsogelea, akamwambia taratibu, karibu kwa upole, kwamba asiporuka yeye mwenyewe atamwanzia nywele kwa kiberiti.

"Baba yetu uliye mbinguni," alianza Mbaka, na soko likaitikia.

Koome akamsukuma.

Beringi zilinguruma kwenye lami kama kinu kisicho na mahindi. Nyuso zikawa ukuta mmoja. Walikuwa wamefika penye mapenzi yako yatimizwe alipoliona gunia, akakanyaga nyuma ya ubao kwa nguvu zake zote, akainua magoti, akainua mabega, akainua hata nyusi. Ubao haukuinuka. Ulilipiga gunia ukasimama, na Igoki akaendelea peke yake. Alipita juu ya gunia kifudifudi, mikono mbele, akatua kwa mkono wa kushoto, na kila mtu kwenye mistari ile miwili alisikia mfupa ukikatika, kavu, kama kuni. Aliserereka mpaka miguuni mwa dereva wa lori. Mfupa ulikuwa umetoka nje chini ya kiwiko, mweupe, mdogo kuliko mtu anavyodhani.

Sala ilikufa katikati. Viazi vilikuwa vikibingirika barabarani.

Kisha ajuza mmoja, muuza tumbaku, akasema kwa Kimeru kwamba hata kuku wake anapaa kuliko huyo. Akacheka. Aliyekuwa karibu naye alijaribu kuzuia, akashindwa kupitia puani. Kicheko kikateremka mstari mmoja, kikapanda mwingine, kikubwa, cha kuumiza tumbo, watu wakishikana mabega, wakionyeshana jinsi alivyoinua nyusi. Watu mia mbili waliokuja kuua walifuta machozi. Huwezi kumchoma mtu uliyemcheka namna hiyo. Mikono inakosa nguvu. Mmoja mmoja walikumbuka vikapu vyao, wengine wakaokota viazi, na Mbaka akaonekana akienda upesi kama mtu mwenye mgonjwa mahali.

Koome alibaki na chupa ya mafuta. Mtu alimwambia ampelekee mamake, kibatari kisizime. Alitafuta wa kumpiga, akakosa, akarudi akampiga Igoki teke moja la mbavu, lisilo na imani, akaondoka.

*

Felicitas hakucheka na hakuondoka. Aliketi kwenye lami kando ya Igoki, akaiweka fimbo chini. Nthiga alikuwa amefika, akijivuta kwa ukuta wa mtaro, Kathambi amemshika kwapani, na alikuwa ameweka mkono wake uliopondwa begani mwa bintiye. Dereva wa lori aliona aibu na mahindi yake, akasema anaweza kuwafikisha hospitalini, akaenda kuwasha gari.

"Sasa hakuna watu," alisema Felicitas. "Niambie."

Na hilo ndilo lililokuwa gumu. Umati ulikuwa umeondoka na ushahidi. Igoki alikuwa ameshashinda. Kiirua nzima ilikuwa imekubali kwamba msichana asiyeweza kuvuka gunia hana cha kumfundisha mtu, na babake alikuwa amelipa meno mawili na vidole vitano kwa neno lake. Angesema sikumwambia kitu, mara ya pili, na lingekuwa kweli maisha yake yote.

"Nilimwambia, Mama Mukiri," alisema. "Aliniuliza, nikambunia. Ilikuwa mzaha. Sikujua ataiamini."

Mkono wa Nthiga ulitoka begani. Hakuuondoa kwa hasira. Ulitoka tu, kama kitu kilichosahau kilikuwa kinafanya nini pale. Alimtazama binti yake, ulimi ukaenda kwenye pengo ukabaki hapo. Kathambi alianza kulia bila sauti.

Felicitas alikunja ngumi, akampiga Igoki mdomoni. Mara moja. Ilikuwa ngumi ya mwanamke anayekama ng'ombe watatu kila alfajiri, na kichwa cha Igoki kilirudi nyuma kikagonga lami.

"Hizo zingine zote zilikuwa za watu," Felicitas alisema. "Hii ni yangu."

Kisha alivua leso yake, akaipasua katikati kwa meno. Aliufunga mkono uliovunjika, chini ya mfupa na juu ya mfupa, bila pupa, akitumia fimbo ya mkalatusi kuunyoosha. Igoki alipiga mayowe na Felicitas akamwacha apige. Walimbeba wakampakia nyuma ya lori, juu ya mbao. Nthiga alipandishwa mbele na dereva. Hakugeuka.

Barabara ilikuwa na mashimo. Kila shimo mfupa ulitaka kutoka tena, na Felicitas aliuweka mkono ule mapajani mwake, akaushika kwa mikono miwili ili usitikisike. Karibu na kituo cha mafuta Igoki alianza kusema kitu, midomo imevimba, neno la kuomba msamaha.

"Usinipe mimi," alisema Felicitas, macho barabarani. "Mukiri yuko macho. Utamwambia yeye kwamba hakuna sala, na kwamba hakukosea. Anajilaumu tangu asubuhi. Anataka nimfundishe vizuri ili akipona ajaribu tena."

Igoki alilala akitazama mawingu. Alianza kutafuta maneno ya kumwambia mtoto wa miaka minane, maneno yasiyo na utani hata kidogo ndani yake, akijaribu moja, akiliacha, akijaribu jingine. Lori likapunguza mwendo, likaingia langoni, na bado hakuwa amepata la kwanza.